Maumivu Baada ya Kupasuliwa Mgongo



Mara nyingi twasikia mfanya kazi aliyepasuliwa mgongo akisifiwa ya kwamba hakulia wala hakuomba dawa. Sisi hatuoni sifa hapo. Mtu aliyebeba magunia ya kilo 90 miaka na miaka hana haja ya kuonyesha tena kuwa yeye ni mwanamume.

Tena kunyamaza kwaleta hasara. Aliyepasuliwa mgongo hutakiwa ainuke na kutembea mapema, mara nyingi siku ile ile au kesho yake, ili damu isigande miguuni na kifua kisishikwe. Mwenye maumivu makali hawezi. Hulala kama gogo, akiogopa hata kukohoa.

Madaktari wa siku hizi hawategemei dawa moja. Huweza kutia ganzi penye jeraha, kisha hutoa parasetamoli kwa saa zake bila kungoja maumivu yapande, na ibuprofeni kwa asiye na ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo. Maumivu yakizidi, huongeza mofini kwa siku chache. Wengine huikataa wakiogopa kuwa watumwa wake. Hofu hiyo si ya bure, maana ikitumiwa muda mrefu mwili huizoea. Lakini siku chache chini ya macho ya daktari ni jambo jingine. Basi mwulize kabla ya kupasuliwa: nitapewa nini, na saa ngapi? Na mkojo ukizuilika, au miguu ikilegea, au ganzi ikiingia mapajani na makalioni, usimeze kidonge ukalala. Rudi hospitali mara moja.

Sasa neno kwa waajiri. Mwenzetu mmoja aliyeumia kazini alilipiwa upasuaji na kitanda, kisha akarudishwa nyumbani na karatasi ya dawa ambayo karani wa kampuni alikataa kuipiga muhuri. Akanunua vidonge vya siku 2, vikaisha, akalala sakafuni wiki nzima. Sheria ya Kenya ya 2007 juu ya fidia ya wanaoumia kazini yamtaka mwajiri alipe gharama za matibabu zinazofaa. Nayo dawa ya kutuliza maumivu ni matibabu, si bakshishi.

Kila mwenye karatasi kama hiyo ailete kwa katibu wa tawi lake pamoja na risiti, hata kama ni ya shilingi chache, nasi tutaiweka mezani mbele ya mkubwa wa kampuni.