Kengele ya Geti Isije Ikaua Mtoto

Fundi anayelaza umeme wa volti 230 na wa volti 12 ndani ya boksi moja la swichi, bila kizuizi kati yake, asilipwe. Nalisema mapema ili mjue nimesimama wapi.

Wiki hii nilikwenda Tegeta kwa wifi yangu, anayemalizia nyumba. Nikamkuta fundi sebuleni, boksi la chuma la tatu kwa sita likiwa wazi. Kushoto swichi ya taa za kawaida, volti 230. Kulia swichi ya betri ya sola, volti 12, inayolisha taa za uani na kengele ya geti. Waya wa kengele ni mwembamba kama uzi, naye alikuwa ameukunja juu ya waya mwekundu wenye moto. Skrubu ya mfuniko ilikuwa imeukandamiza mpaka shaba inachungulia.

“Fundi, mbona hizi zimelala pamoja?”

“Mama, hii ya sola haina nguvu. Haimdhuru mtu.”

Wifi naye akadakia: “Mwache fundi afanye kazi yake.”

Sikumwacha. Hiyo ya sola inatisha kwa sababu haiogopwi. Ganda la waya wake ni jepesi, halikutengenezwa kuzuia volti 230. Siku shaba mbili zikigusana, umeme mkubwa unasafiri hadi kwenye kitufe cha getini. Mvua inanyesha, mtoto ametoka shule, anabonyeza kwa kidole kilicholowa. Na msitegemee breka ya ampia 10 imwokoe, kwa maana mkondo unaoua mtu ni sehemu ndogo tu ya ampia moja. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampia 30, ndicho kingewahi. Nyumba ile haina.

Tena betri yenyewe si dhaifu. Ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampia, waya ukawa mwekundu na kushika moto. Na fundi atakayekuja mwakani atazima meni swichi akidhani boksi zima limekufa, kumbe betri bado inasukuma.

Soketi zetu za pini tatu bapa tumezitoa Uingereza. Kanuni za hukohuko, BS 7671, zinaruhusu kuchanganya pale tu ambapo kila waya una ganda la kuhimili volti kubwa kuliko zote zilizomo, au pana ukuta wa kutenganisha. Soketi tumechukua, kanuni tumeiacha bandarini.

Chanzo ni sisi wenye nyumba. Tunazunguka Kariakoo kutafuta vigae vya rangi tunayoitaka, kisha umeme tunamkabidhi aliyetaja bei ndogo, maana waya utafichwa na plasta na hakuna mgeni atakayeusifia. Leseni ya EWURA hatuiulizii.

Wifi alininunia hadi jioni, lakini boksi la pili lilichimbwa, na waya wa kengele ukapewa paipu yake.

Wewe unayejenga, kabla plasta haijapigwa, mwambie fundi afungue kila boksi lenye swichi zaidi ya moja, akuonyeshe kila waya unatoka wapi. Ukikuta volti mbili zimechanganywa, dai boksi la pili. Akisema ni usumbufu, tafuta fundi mwingine.