Kanuni Inapomkimbiza Mpandaji

Jua halijachomoza, lakini maegesho ya magari mwanzo wa njia ya Stuart Lake, karibu na mji mdogo wa Leavenworth, jimbo la Washington, Marekani, yameshaanza kujaa. Ndivyo ilivyo wikendi nyingi za kiangazi na mwanzo wa vuli. Watu wanakaza kamba za viatu kwa mwanga wa taa za kichwani, wanajaza chupa za maji, wanapima uzito wa mabegi kwa mabega. Wengi wametoka Seattle usiku, mwendo wa zaidi ya saa mbili, na jioni wanatakiwa wawe wamerudi hapo hapo. Kati ya asubuhi hiyo na jioni hiyo kuna kilele cha Dragontail, chenye mita karibu 2,700, na kukifikia ni kupanda mita 1,600 na ushei kwa siku moja.

Aliyekulia kwenye habari za Kilimanjaro anaweza kuidharau namba hiyo. Mita 2,700 ni kimo cha vibanda vya Mandara, mahali ambapo mgeni wa njia ya Marangu hulala usiku wake wa kwanza. Asidharau. Dragontail haina wapagazi wala wapishi, wala mtu wa kutangulia mbele akisema pole pole. Kila mmoja hubeba chake na kujiamulia mwendo wake, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu mwendo wenyewe ulishaamuliwa na kanuni.

Kilomita sita na kitu za mwanzo ni za msituni, mpaka Ziwa Colchuck. Maji yake ni ya rangi ya feruzi, na jina lake limetoka katika Chinook, lugha ya biashara iliyochanganya maneno ya wenyeji, ya Waingereza na ya Wafaransa kwenye pwani ya Pasifiki. Maana yake ni maji baridi. Msomaji wa Mombasa au Unguja hana haja ya kuelezwa jinsi lugha inavyoweza kukua kwa kupatana bei ufukweni.

Upande wa pili wa ziwa unasimama mteremko wa Aasgard. Hapo hakuna njia ya kutembea kwa maana ya kawaida. Ni majabali, kokoto zinazoserereka na, mwanzoni mwa msimu, theluji, zote zikipanda zaidi ya mita 650 katika umbali usiozidi kilomita moja na nusu. Magoti hulia kupanda, kisha hulia zaidi kushuka. Hatari kubwa imejificha chini: theluji inapoanza kuyeyuka, maji hupita chini yake na kuacha uwazi, na anayekanyaga juu haoni kitu mpaka ganda limevunjika. Watu wamekufa hapo kwa namna hiyo. Wengine huponzwa na saa tu. Wamefika juu wamechelewa, wamekwenda kileleni hata hivyo, na giza limewakuta kwenye mawe.

Kutoka Aasgard hadi kileleni ni uwanja wa theluji, ambayo mwishoni mwa kiangazi huweza kuwa ngumu kama sakafu ya saruji, kisha mwamba wa kupanda kwa mikono na miguu. Juu kabisa, Colchuck inaonekana karibu mita 1,000 chini, kama shilingi iliyoanguka kisimani.

Swali ni kwa nini yote haya yafanywe kwa siku moja, na jibu halimo katika mapenzi ya mbio peke yake. Tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Oktoba, kulala katika eneo hilo, maarufu kama Enchantments, kunahitaji kibali, na vibali vingi hutolewa kwa bahati nasibu ambayo waombaji wengi hukosa. Kibali cha kutwa, kinyume chake, ni cha bure. Mtu hukijaza mwenyewe mwanzo wa njia, na hakuna idadi ya mwisho. Aliyekosa bahati nasibu, basi, hubaki na mlango mmoja, nao ni huo wa kupanda na kushuka kabla ya usiku.

Nia ya kanuni ni njema. Eneo zima la Alpine Lakes, lenye maziwa zaidi ya 700, lililindwa kwa sheria ambayo Rais Gerald Ford aliitia saini Julai 1976, baada ya Gavana Dan Evans kumpelekea kitabu cha picha za milima hiyo. Udongo wa huko juu ni mwembamba, na mbuzi weupe wa milimani wamezoea kuwafuata watu ili walambe chumvi ya mkojo, kiasi kwamba wageni huambiwa wakojoe kwenye mawe, si kwenye mimea. (Ni ushauri wa kuchekesha mpaka mbuzi mwenye pembe kali akusimamie mgongoni.) Lakini kanuni inayohesabu wanaolala na kuacha kuhesabu wanaopita inalinda nusu ya mlima. Kibali cha kutwa nacho kiwekewe idadi, hata kama watu watanuna.

Afrika Mashariki haina sababu ya kucheka. Kilimanjaro hakuna bahati nasibu, kuna bei. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku na kwa dola, kwa hiyo mgeni mwenye mfuko mwembamba hupunguza siku. Hupanda Marangu kwa siku tano: Mandara, Horombo, Kibo, kisha usiku huo huo safari ya kuelekea mita 5,895. Tofauti na Dragontail, huku hewa yenyewe ni hatari, na mwili unahitaji muda kuizoea. Wapo wanaoweza kwenda mbio, na mwaka 2006 Mtanzania Simon Mtuy alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa chini ya saa 10 bila msaidizi. Yeye ni mtoto wa mlima huo, ameuzoea miaka mingi. Mhasibu aliyeshuka juzi kwenye ndege si Mtuy.

Njia ya siku sita huongeza siku moja ya kupumzika Horombo, mita 3,720, ili damu izoee hewa nyepesi. Wenye mamlaka ya hifadhi waanze na siku hiyo moja: anayelala Horombo usiku wa pili asitozwe ada ya siku hiyo.