Kinara na Jina la Mfalme

Sikubaliani na watu wanaokisifu kinara cha mshumaa kwa jina la mfalme. Wauzaji wa vitu vya kale wakionyesha vinara vya shaba iliyopakwa dhahabu, kazi ya Ufaransa ya karne ya 18, husema: hiki ni cha Louis wa 15, kile ni cha Louis wa 16. Je, Louis ndiye aliyekichonga? La hasha!

Tuitazame kazi yenyewe. Fundi alisubu shaba katika kalibu, akaichonga kwa tindo na tupa mpaka jani likawa jani na ua likawa ua. Kisha dhahabu ilichanganywa na zebaki, uji wake ukapakwa juu ya shaba, na kinara kikatiwa motoni. Zebaki ilipaa ikawa moshi, dhahabu ikabaki imeshikamana. Mwishowe sehemu nyingine zilisuguliwa kwa jiwe la akiki zing'ae, nyingine zikaachwa na rangi tulivu.

Mtu ataniambia: lakini wakubwa ndio waliolipa. Walilipa? Bibi du Barry, kipenzi wa Louis wa 15, alikatwa kichwa mwaka 1793 akiwa na deni kubwa la Pierre Gouthière, bingwa wa kazi hiyo. Gouthière alifariki mwaka 1813, maskini.

Na ule moshi ulikwenda wapi? Uliingia vifuani mwa mafundi. Mikono ikatetemeka, meno yakalegea. Ravrio, mtengenezaji wa vyombo hivyo mjini Paris, alifariki mwaka 1814 akiacha faranga 3,000 kwa atakayevumbua njia ya kuwakinga. D'Arcet alizipata mwaka 1818, kwa tanuri lenye dohani inayovuta moshi. Dohani tu, ndugu msomaji!

Wapo wanaolia kwamba ufundi ule wa zebaki umetoweka. Mimi siulilii. Nausifu mkono wa mchongaji. Moshi na upotee.

Ila haujapotea. Wachimbaji wetu wadogo wa dhahabu, Geita na kwingineko, wangali wanachoma zebaki. Nasi walimu tuliwakaririsha watoto majina ya wafalme, tusiwaeleze moshi wa zebaki unamfanya nini mtu. Hilo ni kosa letu. Anayesifu mng'aro, kwanza aulize ni nani aliyevuta moshi wake.