UKANDA WA SUMAKU SI KUFULI

Siku hizi kila chama cha ushirika, kila chuo na kila ofisi yenye mlango yataka kadi ya plastiki, picha mbele na ukanda mweusi nyuma. Jambo hilo hatulilaumu. Mtu kutambulika kwa jina na sura yake ni heshima yake. Tunalolipinga ni uwongo unaouzwa pamoja na kadi hizo: ati ule ukanda ni kufuli, ati siri za mtu zikishaandikwa humo hakuna awezaye kuziona, na ati mashine ya kuzichapa ni mambo ya mafundi wa mbali ambayo vijana wetu hawayawezi.

Ukanda huo ni nini hasa? Ni ndugu yake utepe wa kaseti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Forrest Parry, mhandisi wa kampuni ya IBM huko Marekani, alitaka kuushikiza utepe wa sumaku juu ya kadi, na kila gundi aliyojaribu ikamshinda. Husimuliwa kwamba mkewe, Dorothea, alikuwa akipiga pasi. Akamwambia autie pasi. Ukashika. Hiyo ndiyo asili ya maajabu tunayotishiwa nayo.

Ndani ya ukanda mna mistari mitatu. Wa kwanza huchukua herufi na tarakimu 79, wa pili tarakimu 40, wa tatu tarakimu 107. Namna ya kuziandika imepangwa na kutangazwa dunia nzima, makusudi, ili mashine ya kiwanda hiki isome kadi ya kiwanda kile. Basi kitu kilichotengenezwa kisomwe na kila mashine chaitwaje siri? Mwenye kisomeo kidogo mkononi akiipitisha kadi yako mara moja tu amekwisha kupata kilichomo, na akiwa na mashine ya kuandikia atakutolea pacha wa kadi yako kabla hujafika nyumbani. Mabenki yalilitambua hilo zamani, ndiyo maana yakaleta kadi za chipu. Mwaka 2021 Mastercard ilitangaza kwamba ifikapo 2033 kadi zake hazitakuwa na ukanda tena. Matajiri wa dunia wanaukimbia, sisi twauziwa kwa sifa!

Kwa hiyo twasema wazi: katika ukanda iandikwe namba ya mwanachama, basi. Tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, jina la mke, kiasi cha akiba, hayo yakae katika daftari la ofisi chini ya katibu tuliyemchagua wenyewe. Namba ikiibwa, ofisi huifuta siku ile ile na kutoa nyingine. Tarehe ya kuzaliwa haitolewi mara ya pili. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na kiongozi anayeamuru kadi ijazwe habari zote za mtu yafaa aisome kabla hajatia saini.

Wapo watakaosema twakuza jambo dogo. Wazee wa Kenya wangewajibu. Kipande kilitokana na sheria ya 1915, kikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitembea nacho katika kikebe cha chuma shingoni. Humo mlikuwamo alama za vidole vyake, jina la bwana aliyemwajiri, na mshahara aliolipwa. Tajiri mpya aliusoma mshahara wa zamani kwanza, ndipo akataja wake. Uovu haukuwa katika karatasi wala katika kikebe. Ulikuwa katika kumbebesha mtu habari zake ambazo hakuziamua yeye, zisomwe na kila mwenye nguvu juu yake. Tena aliyejua kusoma aliweza angalau kukifungua kipande chake akaona kimeandikwa nini. Ukanda mweusi hausomeki kwa macho hata kidogo.

Sasa hili la vijana wetu kutoweza. Katika mipangilio ya printa huchaguliwa aina ya ukanda: ule hafifu wa oersted 300, ambao sumaku ya mkoba huweza kuufuta, au ule mkali wa oersted 2,750 au 4,000. Uchaguzi usipolingana na kadi, maandishi hayakai vizuri na printa huitema kadi. Hapo dalali husema mashine imeungua na kudai fedha! Kadi huingizwa ukanda ukitazama upande ulioonyeshwa katika kitabu cha mashine, hushikwa pembeni bila vidole kugusa uso wake, na kila riboni ikibadilishwa hupitishwa kadi ya kusafishia, maana vumbi letu si la mchezo. Hayo tu. Mwalimu wa shule ya msingi hufundisha mambo mazito kuliko hayo kabla ya saa nne asubuhi.

Lakini kuna jambo ambalo dalali hatakwambia kamwe. Katika riboni ya rangi kila kadi hula vipande vyake: cha njano, cha waridi iliyokolea, cha buluu, cheusi, na cha utando wa kukinga. Wino ukishahamia kwenye kadi, kipande cheusi hubaki na jina la mtu pamoja na namba yake, herufi zikiwa wazi katikati ya weusi. Linyanyue kwenye mwanga wa dirisha utalisoma kama gazeti. Riboni ya kadi 200 ikitupwa jalalani ni orodha ya wanachama 200, na mwokotaji hahitaji kompyuta wala umeme.

Katika mkutano mkuu ujao wa ushirika wako simama uulize. Riboni zilizokwisha kutumika ziko wapi, na zilikatwakatwa mbele ya nani? Majina na picha zetu alizochukua dalali katika kompyuta yake zimefutwa? Neno la siri la printa analo katibu wetu, au analo yeye? Wasipojibu, msiinue mikono kupitisha malipo yake.