Samaki mweusi si lazima awe mtamu

Nenda Gikomba, au soko la mtaani kwako Umoja au Kayole, umsikilize mnunuzi wa samaki wa moshi. "Mama, nipe yule mweusi, aliyekauka sawasawa." Habari hiyo humfikia mkaushaji kule Ziwa Victoria, naye huongeza kuni.

Ndugu msomaji, kosa hilo ni letu. Mimi siwapingi samaki wa moshi. Wengi wetu Eastlands tunaishi chumba kimoja bila friji, na mbuta au kamongo aliyekaushwa hukaa siku kadhaa bila kuoza. Lakini kinachomhifadhi hasa ni kukauka kwake, wala si weusi. Weusi ni masizi ya kuni mbichi na ya mafuta ya samaki yanayodondokea motoni. Ndani ya masizi hayo mna benzopireni, kemikali ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tangu 2014, Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za kemikali hiyo katika kilo moja ya samaki wa moshi.

Kabla samaki huyo hajafika kwetu, mama anayekausha amekwisha kuuvuta moshi akiinamia pipa lake, na miti imekatwa.

Dawa ipo. Tanuri la Chorkor la kule Ghana hupanga trei za waya moja juu ya nyingine, hivyo moto mmoja hukausha samaki wengi kwa kuni chache. Tanuri la Thiaroye, lililobuniwa Senegal 2008, lina sinia ya kukinga mafuta yasianguke motoni. Mama mmoja hawezi kulijenga peke yake, lakini chama cha akina mama kinaweza, na serikali za kaunti za ziwani zina wajibu wa kuwasaidia.

Sisi walaji tufanye nini? Tuchague samaki wa rangi ya kahawia, mkavu, asiye na masizi, hata akizidi shilingi kumi. Ukimpata mweusi, mwoshe kwa maji moto na umtoe ngozi kabla ya kumpika, kwani masizi mengi hukaa hapo.

Mkaushaji hukausha kile tunachonunua. Tukiacha kudai weusi, naye atapunguza kuni.