Mkataba Ukivunjwa, Anayelipa Si Aliyeuvunja



Ndugu zangu, kila habari za Iran zinapopamba moto mnaniuliza lile lile: "Sheikh, tuwe upande gani?" Leo niacheni na pande. Nataka tuzungumze habari ya ahadi.

Julai 14, 2015, mjini Vienna, Iran iliwekeana mkataba na Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na China. Iran ilikubali isirutubishe urani kupita asilimia 3.67, kiwango cha vinu vya umeme, na akiba yake isizidi kilo 300. Wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, waingie waone. Nayo ipunguziwe vikwazo. Mazungumzo ya siri yaliyotangulia yalifanyika Oman, ambako wengi wetu wa pwani tuna jamaa.

Wakaguzi wakaingia, na ripoti zao zikasema mara kwa mara kuwa Iran inatimiza. Kisha Mei 8, 2018, Rais Donald Trump akaitoa Marekani. Alikuwa na hoja: baadhi ya masharti yana ukomo wa miaka, na makombora hayakuguswa. Sawa. Lakini mkataba usiokuridhisha unaujadili na wenzako mezani. Yeye aliinuka, akarudisha vikwazo.

Hebu tazama kilichofuata. Iran ilingoja mwaka mzima nchi za Ulaya zizibe pengo, hazikuweza. Katikati ya 2019 ikaanza kuvuka mipaka. Mwaka 2021 ikafika asilimia 60, na kutoka hapo hadi 90 ya bomu si mbali. Kufikia Juni 2025 ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za kiwango hicho. Yaani kile kilichodaiwa kuzuiwa ndicho kilichosogezwa karibu! Juni 13 Israel ikashambulia, na Juni 22 Marekani ikapiga Fordow, Natanz na Isfahan. Na kumbuka, Iran na Marekani zilikuwa zimepanga kukutana tena Muscat Juni 15.

Hayo ni ya wakubwa. Mimi linaloniuma zaidi ni la dawa. Kwenye karatasi, dawa hazikuwekewa vikwazo. Lakini benki ziliogopa adhabu ya Marekani, zikakataa kupitisha malipo. Kuna watoto wana ugonjwa wa ngozi ambao ngozi yao ikiguswa tu inachubuka. Bandeji laini walizokuwa wakitumia zilitoka Ulaya, zikaacha kufika. Mtoto huyo hajui urani ni nini. Sarafu ya nchi ikaporomoka, na mwenye mshahara wa kawaida ndiye aliyeona bei ya nyama ikimkimbia.

Ndugu yangu, sisi suala hili si geni kwetu. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inaamrisha mikataba itimizwe. Pale Hudaybiya, Abu Jandal (r.a.) alikuja akiburuta minyororo, Muislamu anayeteswa, na Mtume (s.a.w.) akamrudisha kwa sababu ndivyo walivyokubaliana na Makureshi. Masahaba iliwauma mno. Makureshi ndio waliouvunja, walipowasaidia Banu Bakr kuwashambulia Khuza'a. Walipozinduka, Abu Sufyan akafunga safari hadi Madina kuomba mkataba uhuishwe. Akarudi mikono mitupu. Alichokuwa nacho jana, leo hakupatikana wa kumpa.

Najua wapo mtakaoniandikia: "Sheikh, hao ni Mashia, na waliyoyafanya Syria tunayajua." Tofauti zetu nazijua, nimezisomesha miaka mingi. Lakini Mtume (s.a.w.) aliwatimizia ahadi washirikina wa Makka, sembuse hawa? Na wala sisemi Iran haina lawama. Urani ya asilimia 60 si ya kuwashia taa, na kamera za wakaguzi iliziondoa yenyewe mwaka 2022. Ila ukitaka kujua moto ulianzia wapi, anza kuhesabu kuanzia ile Mei ya 2018.

Kesho nchi nyingine itaambiwa: acha silaha, tia saini, utapewa nafuu. Itauliza, na ina haki ya kuuliza: saini hii itadumu hadi uchaguzi gani wa Marekani?

Wabillahi tawfiq.