Msiusingizie Mlima

Mazishi yalikuwa Uru, Moshi, ndani ya kihamba, shamba la familia, kaburi limechimbwa kando ya migomba. Aliyezikwa alikuwa mpagazi, kijana aliyepanda Kilimanjaro akiwa mzima na kushushwa amefungwa kwenye machela. Mwakilishi wa kampuni iliyompeleka kazini alikabidhi bahasha ya rambirambi, akashika kipaza sauti na kusema: "Ndugu wafiwa, mlima umemchukua. Siku yake ilikuwa imefika, na siku ikifika, hata ukiwa kitandani utaondoka." Waombolezaji wakaitikia amina. Hakuna aliyeuliza kijana huyo alivaa nini huko juu.

Kauli hiyo imezoeleka mno Moshi. Husemwa Kibosho, husemwa Machame, husemwa Marangu, na kila inaposemwa kuna mtu anayepona kuulizwa maswali. Safu hii inaikataa kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mlima haumchukui mtu. Wanaokufa Kilimanjaro kwa kawaida hufa kwa baridi, au kwa kuugua kutokana na uchache wa hewa, au kwa kupigwa na mawe, au kwa maradhi waliyopanda nayo ambayo hakuna aliyejali kuyapima. Baridi ina kinga: koti, viatu, mahali pakavu pa kulala na chakula cha moto. Ugonjwa wa mwinuko una kinga: kupanda kwa siku za kutosha. Una dawa pia: kushuka. Vyote hivyo vina gharama, na daima yupo mtu mwenye jina anayeamua kuilipa au kuikwepa.

Tuzitazame namba, maana mlima huu umepimwa na haufichi kitu. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kambi ya Barafu iko mita 4,673. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na ukifika kileleni kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni Tanga. Mwili hujizoesha hali hiyo taratibu, kwa siku. Ukiharakishwa, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu au ubongo ukavimba. Mtu anakohoa, anahema hata akiwa amekaa, anayumba kama mlevi, anaanza kuongea visivyoeleweka.

Dalili hizo huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku nzima, kabla hazijaua. Katika saa hizo kuna mwongoza watalii anayeziona, kuna kiongozi wa msafara mwenye simu, kuna kampuni Moshi au Arusha inayopokea simu hiyo. Kila mmoja wao ana nafasi ya kusema "shusheni". Mtu akizikwa baada ya saa hizo zote kupotea, kusema siku yake ilifika ni kuwafutia hesabu walioziacha zipite.

Wala nguvu za mwili si hirizi. Julai 2016 Gugu Zulu, dereva maarufu wa mbio za magari wa Afrika Kusini, mwanamume wa miaka 38 aliyezoea mazoezi makali, alifariki akiwa kwenye safari ya hisani ya kupanda Kilimanjaro kwa heshima ya Nelson Mandela. Afrika Kusini nzima ililia na kuuliza: aliugua lini, alipimwa na nani, alishushwa saa ngapi? Hayo ndiyo maswali ya watu wanaothamini uhai. Kuhusu mpagazi wa Uru halikuulizwa hata moja.

Hapa ndipo hasira ya safu hii inapoanzia. Januari 4, 2006, mawe yaliporomoka katika njia ya Western Breach, juu ya kambi ya Arrow Glacier, yakaua Wamarekani watatu. Mamlaka hazikusema siku yao ilikuwa imefika. Njia ilifungwa. Uchunguzi ulifanyika kujua mawe yalitoka wapi, kwa nini yaliachia, na wapandaji walikuwa wamesimama sehemu gani. Njia haikufunguliwa tena hadi mwishoni mwa 2007, na tangu hapo anayepita pale anahimizwa kuvaa kofia ngumu na kuvuka mapema, barafu ikiwa bado imeyashika mawe. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Sasa rudi nyuma hadi Septemba 2002, wapagazi watatu walipokufa kwa baridi katika mlima huohuo. Watatu kwa watatu. Ni wangapi Moshi leo wanaoikumbuka Septemba ile? Jiwe ambalo hakuna mtu aliyelitupa lilifanyiwa uchunguzi, ilhali baridi, ambayo dawa yake ni koti linaloning'inia soko la mitumba la Memorial, imebandikwa jina la Mungu.

Ukiwabana wenye imani hiyo, wanakuja na hoja moja wanayoiona nzito: Mchagga amezaliwa mlimani, baridi haimpati, na babu zetu walipanda bila makoti ya kizungu. Hoja hiyo ni ya aibu. Vihamba vya Wachagga viko kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi, penye migomba na kahawa. Juu yake ni msitu, juu ya msitu ni nyika ya mawe. Anayedai kwamba mtu wa Kibosho ni mwenyeji wa Barafu atuonyeshe mgomba mmoja uliopandwa Barafu. Kutoka nyumbani kwake hadi kambini hapo ni mwinuko wa mita zipatazo 3,000, yaani karibu nyuzi 18 za baridi zaidi ya ile aliyozaliwa nayo. Isitoshe, wapagazi wengi wa leo hawatoki kabisa mlimani. Wametoka tambarare na mikoa mingine wakifuata riziki, na huko walikokulia maji hayajawahi kuganda.

Na hao mababu? Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Safari ya kwanza ya Meyer, mwaka 1887, ilishindwa. Safari ya 1889 alifaulu kwa sababu alipanga kambi za katikati na kuhakikisha chakula kinaletwa kutoka chini. Tangu siku ya kwanza, mlima huu umekuwa jambo la maandalizi.

Nendeni lango la Machame asubuhi mkaone maandalizi ya leo. Mizani imesimama, wapagazi wamepanga foleni, kila mmoja na mfuko wake begani. Kanuni inasema mzigo wa kampuni usizidi kilo 20. Askari wa hifadhi anapima, anaruhusu. Wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa hapa, wanajua kinachofuata: baadhi ya misafara hugawa mizigo upya mbele ya safari, mbali na mizani, ili watu wachache zaidi wabebe kingi zaidi. Tazama viatu vyao. Wapo wenye buti nzuri. Wapo pia wenye raba zilizoisha soli, suruali ya jinzi na sweta la kuazima, na ndani ya mfuko ambao mmoja wao ameutua hapo mizanini kuna koti la manyoya la mgeni na mfuko wake wa kulalia wa kuhimili barafu. Usiku, wapagazi wengi hulala kwenye hema la chakula, na hawalali mpaka wageni wamalize kula na kuzungumza.

Huyo ndiye mtu ambaye baadaye tunaambiwa mlima umemchukua.

Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanzishwa mwaka 2003, ambao huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo na kufuatilia kampuni zinavyowalipa na kuwalisha. Kwa hiyo mwenye kampuni anayepeleka mtu Barafu na sweta hawezi kujitetea kwamba koti halipatikani. Lipo mjini hapahapa. Kilichokosekana ni mtu wa kumkagua mpagazi kabla gari halijaondoka.

Nchi hii ikitaka kitu kifike mlimani, kinafika. Agosti 2022 serikali ilizindua intaneti ya kasi katika kambi ya Horombo, mita 3,720, ili mgeni arushe picha zake akiwa njiani. Mwaka 2019 tuliambiwa kuna mpango wa magari ya kebo ya kuwapandisha watalii, na watu wakabishana miezi. Hakuna waziri aliyepanda Horombo kuzindua hema la wapagazi. Mgeni asiye mkazi analipa ada ya hifadhi ya dola 70 kwa siku, na kampuni zinazogombania wateja zinauza safari za siku tano kwa kuwa siku ya sita inaongeza bei. Siku hiyo iliyokatwa ndiyo ambayo mwili wa mgeni, na wa anayembebea mzigo, ungeitumia kuzoea hewa. Kiwango cha malipo ya mpagazi ambacho wadau walikitaja kwa miaka kilikuwa shilingi 20,000 kwa siku, na bado wapo wanaolipwa pungufu na kuambiwa watafidiwa na bakshishi.

Waokoaji wenyewe wanaujua ukweli huu kwa miili yao. Kwenye njia ya Mweka wanakimbia na machela ya tairi moja, wawili mbele, wawili nyuma, tairi likigonga mizizi na mawe, kwa kuwa kila mita mia wanazomshusha mgonjwa zinampa hewa zaidi. Desemba 2025 helikopta ya uokoaji ilianguka karibu na Barafu na kuua watu watano, miongoni mwao rubani, daktari na mwongoza watalii. Waokoaji hao walipanda juu kwa sababu hawakuamini kwamba siku ya mgonjwa ikifika basi. Kuwazika kwa kauli ileile ni kuitukana kazi iliyowaua.

Wapo watakaosema safu hii inamkosoa Mungu. Waitazame hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971 kwa juhudi za makanisa. Walioijenga walikuwa wacha Mungu, na waliweka vitanda, mitungi ya oksijeni na madaktari, kwa imani kwamba mgonjwa akiwahiwa atapona. Mchungaji anayempeleka mtoto wake KCMC usiku wa manane hana haki ya kumwambia mjane wa mpagazi kwamba hakuna ambacho kingefanyika.

Kauli hii ina faida kwa mtu, nayo inapimika kwa shilingi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa WCF, ambao waajiri huuchangia, na mfanyakazi akifa kazini wategemezi wake wana haki ya kulipwa. Lakini haki hiyo hudaiwa kwa kusema kwamba mtu alikufa kazini, akiwa chini ya mwajiri fulani, kwa sababu fulani. Familia iliyoitikia amina kwamba mlima umemchukua imekwisha kutoa ushahidi dhidi yake yenyewe. Bahasha ya rambirambi inapokelewa, mwajiri anaondoka, na watoto wanabaki na picha ya marehemu akiwa Stella Point, karibu na kilele.

Ndugu zetu wa Uru, Kibosho, Mweka na kwingineko: msimu ujao mkiletewa kijana wenu kwenye machela, msimpe mtu wa kampuni kipaza sauti kabla hajajibu. Alibeba kilo ngapi? Alivaa nini? Alianza kuugua saa ngapi, na nani alikataa kumshusha? Mkataba wake uko wapi, na jina lake limeandikishwa WCF? Andikeni majibu, yapelekeni polisi, OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na WCF, na daini ripoti ya daktari. Mkimaliza hapo, mwombeeni marehemu wenu, mzikeni kwa heshima, na mdai kilicho chake.